Walioanguka Sangailu

Mimi jumla siiamini. Nikiletewa hesabu iliyokwisha kujumlishwa, hata iwe ya mifuko ya sukari dukani, nauliza kwanza: nani aliandika vile vidogo vidogo vya juu, kabla ya mstari? Watoto wangu hunicheka, husema baba ana ugonjwa wa kushuku. Wacheke tu. Ugonjwa huo niliupatia Garissa, katika ofisi ya mifugo, miaka ile ya vita vya shifta, waasi wa mpakani, na aliyeniambukiza ni mimi mwenyewe.

Nilikuwa karani na mkalimani. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha bati, meza mbili, kabati la chuma lisilofungika, na joto la kukausha wino kwenye kalamu. Bosi wangu tulimwita Daktari. Alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa bara, kijana bado, aliyesoma ng'ambo na kurudi na mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono. Mashine hiyo aliifunika kitambaa cheupe kila jioni, akaikagua kila asubuhi kana kwamba sisi tungeiba namba zilizomo. Daktari alitushuku sisi Wasomali kwa sababu ameambiwa atushuku. Sisi tulimshuku yeye bila kuambiwa na mtu.

Na juu yetu sote alikuwako bwana wa usalama. Huyo alikuja kila Jumatatu, akaketi mahali pangu bila hodi, akasoma kila karatasi mezani, hata orodha ya dawa za minyoo. Akikuta jina la mtu aliuliza, "Huyu yuko wapi sasa?" Ole wako useme hujui. Tulijifunza kutoandika tusichoweza kukijibia.

Sasa, kazi yenyewe. Ng'ombe wa kwetu walikuwa wanauawa na homa ya mapafu, ile Wasomali wanayoiita sambab. Ng'ombe mmoja akikohoa leo, wiki chache baadaye boma zima linakohoa. Kulikuwa na chanjo mpya, ya kudungwa ncha ya mkia, na kabla Daktari hajafika ilikwisha kujaribiwa mahali patatu mbalimbali: Bute, Eldas na Sangailu. Kila mahali alitumwa mwandishi wake na daftari lake. Amri ilikuwa moja: gawa ng'ombe wa kila mwenye boma mafungu mawili, fungu moja lidungwe, lingine liachwe, waliodungwa wakae zizi lao, wasiodungwa zizi lao, kisha rudi baada ya mvua uhesabu nani mzima, nani amekufa.

Bute alikwenda Mpwani mmoja, mtu wa maneno matamu. Eldas alikwenda Msomali wa Wajir, mkimya, mwandiko wake kama wa kitabu. Sangailu nilikwenda mimi, kwa sababu kule nilikuwa na habaryar wangu, yaani mama mdogo, dada wa mama yangu. Kwetu jina hilo huitwa pande zote mbili: mimi nilimwita habaryar, na yeye aliniita habaryar. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ng'ombe wake nao niliwatia katika jaribio, nikijidai nampendelea. Kumi na mmoja niliwadunga kwa mkono wangu, na zizi lao nikalichagua mimi, karibu na barabara, ili nisichoke kutembea. Kumbukeni zizi hilo.

Siku Daktari alipoyapata madaftari yote matatu alikuwa na furaha isiyo na kifani. Aliyapanga mezani, akaniita.

"Hili moja likiwa peke yake haliniambii kitu," alisema. "Ng'ombe ni wachache, huenda ni bahati tu. Na hili hivyo hivyo. Lakini nikiyaunganisha matatu, na kila moja nikalipa uzito wake, lenye ng'ombe wengi lisikike zaidi na lenye wachache lisikike kidogo, hapo ukweli utajitokeza."

"Na kama mmoja amesema uongo, Daktari?"

"Basi uongo nao utapata uzito wake. Ndiyo maana nataka uyapitie wewe kwanza. Unajua lugha za huku."

Lo! Nilivimba kichwa. Mimi niyakague madaftari ya watu! Nikayachukua mawili ya wenzangu, nikayachambua kama mpishi anavyochagua mchele. La kwangu nililiacha chini ya yale mengine. Hilo, nilijiambia, nalijua.

La Bute lilikuwa balaa. Kila ukurasa amekufa, amekufa, amekufa. Waliodungwa wamekufa, wasiodungwa wamekufa. Nilikuwa karibu kuamini, mpaka nikafika pembeni mwa ukurasa mmoja, Mpwani alipojiandikia maelezo kwa mkono mdogo: "Amekufa asubuhi. Jioni amekunywa maji."

Nikalisoma tena. Nikainuka, nikamfuata Mpwani nje alikokuwa anakunywa chai.

"Kaka, huko Bute ng'ombe wanafufuka?"

"Mambo gani hayo?"

Nikamwonyesha. Akakuna kichwa. Akasema wenyeji ndio waliomwambia. Yeye aliuliza, ng'ombe huyu vipi, mwenye ng'ombe akajibu kufe, naye akaandika. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Watu wa Bute aliozungumza nao ni wasema Kiborana, na mimi nimechunga na Waborana utotoni. Kufe kwa lugha yao ni kuanguka. Ng'ombe amekonda kwa ukame, miguu imemwisha nguvu, ameanguka. Wanamshika mkia na pembe wanamnyanyua, jioni anakunywa maji. Mpwani wa watu, kasikia kufe, kaua nusu ya ng'ombe wa Bute kwa kalamu.

"Wewe, sasa ungefanya nini?" alinifokea, uso umemwiva. "Mtu mzima anakwambia kufe, umbishie?"

Wiki nzima nilimwita Malaika wa Mauti. Tuliketi na watu wa Bute waliokuja na msafara wa malori, tukauliza upya boma kwa boma, na waliokufa kweli wakabaki wachache. Daktari aliniambia, "Umefanya kazi." Bwana wa usalama hata yeye aliniangalia Jumatatu ile kwa jicho lisilo kali sana, jambo lililonitia hofu zaidi.

Kisha nikaligeukia la Eldas. Hilo lilinikera kwa usafi. Wino mmoja mwanzo hadi mwisho, mistari imenyooka, hakuna doa la jasho wala la maziwa. Nani anaandika hivyo katikati ya ng'ombe? Nikamwendea Daktari nikamwambia waziwazi: huyu mtu kakaa kivulini akatunga. Daktari akamwita. Yule bwana wa Wajir alifungua mkoba wake, akatoa makaratasi yaliyochakaa, yenye vumbi na matone ya mvua, mengine yameliwa na mchwa, akayaweka mezani. Alikuwa amenakili ili tusisumbuke kusoma. Daktari akalinganisha moja moja, na kila namba ikawa mahali pake. Yule bwana alipokuwa anatoka alisimama mbele yangu.

"Na lako je, limekaguliwa na nani?" aliniuliza kwa Kisomali.

Nikajitia hamnazo.

Maana sasa niseme. Daftari bovu lilikuwa langu.

Niliporudi Sangailu baada ya mvua kuhesabu, lile zizi la karibu na barabara lilikuwa tupu. Miiba ya ua imelala, kinyesi kimekauka. Habaryar alikuwa amesimama penye lango, mikono ndani ya shuka yake, anatazama viatu vyangu, viatu vipya vya ofisi. Nikamwuliza ng'ombe wako wapi. Akajibu maneno matatu tu: "Waa la dhacay." Nikauliza na mume wake je. Akasema amekwenda kutazama malisho, upande wa mpakani.

Hapo inabidi nieleze Kisomali kidogo. Dhac ni kuanguka. Lakini ukitanguliza kijineno la, dhac hiyo hiyo huwa ni kuporwa. Habaryar aliniambia ng'ombe wameporwa. Na mimi, kwa kuwa mumewe hayupo na ng'ombe hawapo, nilijumlisha papo hapo. Nikasema moyoni: huyu mzee amekwenda msituni kwa shifta, na ng'ombe kawapeleka akawalishe wenzake, na mama yangu mdogo anamfichia. Sikumwuliza nani amepora. Wallahi, sikutaka kujua. Nikiandika "wameporwa", bwana wa usalama angeuliza Jumatatu: na nani? Na mume yuko wapi? Na mbona hamkupiga ripoti? Watu walipelekwa wasikorudi kwa maswali madogo kuliko hayo. Basi nikaandika, mbele ya ng'ombe wote kumi na mmoja, neno moja: "Ameanguka." Nikajiona mjanja. Msomali yeyote akinikamata nitasema dhac ni dhac, nimekosea tafsiri. Nami ndiye niliyemcheka Mpwani wa watu!

Daktari alikuwa ameniuliza mapema, bila kuinua uso: "Hawa wa Sangailu walioanguka, ndio waliokufa?" Nikamjibu, "Wameanguka, Daktari." Akazungusha mkono wa mashine. Krrr. Wamekufa.

Na wote kumi na mmoja walikuwa waliodungwa. Zizi la wasiodungwa lilikuwa ndani zaidi, nyuma ya vichaka, na ng'ombe wake walikuwa wazima wanacheua. Mnaona? Kwa daftari langu, Sangailu ukimdunga ng'ombe anakufa, ukimwacha anaishi.

Alipomaliza kuunganisha, Daktari alinigeuzia karatasi ya ripoti niione. Bute kulikosafishwa, chanjo ilisaidia kidogo. Eldas ilisaidia sana. Lakini Sangailu ilivuta jumla nzima ikainama upande wa pili.

"Sitaweza kuitetea chanjo hii," alisema. "Nikiwa na haya mkononi, nikaamuru wadungwe wilaya nzima, nitakuwa mwuaji. Ijumaa napeleka ripoti. Chanjo isimame."

Siku hizo serikali ilikuwa inawakusanya watu wa Sangailu na kandokando yake kukaa kijiji kimoja chini ya ulinzi, na ng'ombe wao nao walisongwa pamoja, pua kwa pua. Jumatano dereva wa msafara aliniletea salamu kutoka kwa habaryar. Salamu zilikuwa fupi: wawili wameanza kukohoa, njoo na ile sindano.

Alikuwa amebakiwa na ng'ombe tisa. Watoto wanne walikuwa wanakunywa maziwa yao, na zaidi ya hao hakuwa na kitu. Sindano ilikuwa kwenye sanduku la barafu hatua kumi kutoka mezani pangu, na iliyoifungia humo ni kalamu yangu.

Sikupata usingizi wala hamu ya chakula. Nikisema kweli, namwuza habaryar na mumewe. Nikinyamaza, watoto wake watalala njaa. Alhamisi asubuhi nikasimama mbele ya Daktari.

"Daktari, wale wa Sangailu hawakufa."

"Unasemaje?"

"Hawakufa. Kisomali kuanguka na... lile neno lina mambo mawili."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alifunika mashine kwa kitambaa chake. "Mwenyewe ni nani?"

Nikamwambia.

"Nitaandika kibali. Aje na msafara wa Jumamosi. Ripoti nitaizuia hadi hapo."

Nikajua nimekwisha. Nani anamwita mwanamke wa Sangailu mpaka Garissa kwa ajili ya ng'ombe kumi na mmoja? Mtego huu, nikasema. Amepatana na bwana wa usalama. Wamekula njama, nami nimewaletea mama yangu kwa mkono wangu. Siku mbili zile nilimchunguza Daktari mpaka anavyokunywa maji.

Jumapili, ofisi imefungwa, Daktari akatufungulia. Nilisikiliza hatua za bwana wa usalama nje, sikuzisikia. Habaryar alikataa kiti, akakaa sakafuni, akaegemeza mgongo kabatini. Vumbi la safari lilikuwa bado usoni. Mimi hakunisalimu.

"Mama," Daktari alisema taratibu, "ng'ombe wako waliodungwa, walikufa?"

Nikafungua kinywa nitafsiri, habaryar akanikata.

"Mimi nasikia," alisema kwa Kiswahili chake, kile cha sokoni, chenye be badala ya pe. "Ng'ombe yangu hakufa. Nani nasema nakufa?"

Daktari hakunielekezea kidole. Nilitazama sakafu.

"Walichukuliwa?"

"Nachukuliwa. Yote. Siku moja."

"Na shifta?"

Nilimwona habaryar anageuka, si kwa Daktari, kwangu. Alinikata jicho ambalo hadi leo nikilikumbuka nageuza uso.

"Shifta? Tangu lini shifta nabanda lori?"

Nilisikia bati linavyolia kwa jua. Wakati ule, kule, wenye malori ya kuchukua mifugo walikuwa watu wa serikali tu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Zizi lilikuwa karibu na barabara.

"Na baba ya watoto," akaendelea, sauti haikupanda wala kushuka, "nashika kamba ya ng'ombe. Nakataa kuachia. Wao nasema, haya, na wewe banda. Yeye nabanda."

Sikujizuia. Nikamwuliza kwa Kisomali kwa nini hakuniambia, mimi mtoto wake, siku ile penye lango.

"Ulikuja na viatu vyao, habaryar," alinijibu kwa Kisomali. "Ningekwambia nini?"

Mimi nilimshuku yeye kwamba anamficha mumewe shifta. Yeye alinishuku mimi kwamba nimetumwa na waliomchukua. Tulisimama pale langoni, mtu na mama yake, kila mmoja akamhesabu mwenzake upande wa adui. Nililia, sioni haya kusema. Yeye hakulia.

Daktari alikuwa amekwenda kusimama penye dirisha, katupa mgongo. Aliporudi, alichukua ile ripoti, akachukua rula, akapiga safu ya tatu kandokando ya zile mbili za "Wazima" na "Wamekufa". Juu yake akaandika neno moja, akaanza kuhamisha ng'ombe wale kumi na mmoja, mmoja mmoja, kutoka kwa maiti.

"Sitaandika nani," aliniambia bila kuniangalia. "Nikiandika, ripoti haifiki na sisi hatufiki. Lakini waliotutoka machoni siwezi kuwaita maiti, wala siwezi kuwaita wazima. Hawaingii katika jumla. Jumatatu mtu akiniuliza, nitasema hivyo."

Habaryar alikuwa anafuatilia penseli.

"Nini iko bale?" aliuliza.

"Pale panasema haijulikani, mama," Daktari akamjibu. "Haijulikani kama wako hai au wamekufa."

Habaryar akaninyooshea mkono kunionyesha ile safu, kwa mara ya kwanza siku ile akiwa kama anamtuma mtoto wake.

"Basi baba ya watoto bia, andika yeye bale."

Daktari alinipa penseli.

Bila wale kumi na mmoja, jumla ilisimama upande wa chanjo, na ripoti ikaenda hivyo. Wiki iliyofuata nilikwenda Sangailu na sanduku la barafu. Wawili waliokuwa wakikohoa walikufa, saba wakabaki, na watoto wakaendelea kunywa maziwa. Mume wa habaryar hakurudi, na hatukuwahi kuambiwa lolote, mpaka naye habaryar tukamzika.

Ripoti ile huenda iko katika kabati fulani mpaka sasa. Mtu akiifungua, atakuta kwamba habaryar wangu alidungiwa ng'ombe kumi na mmoja, na kwenye safu ya tatu wako kumi na wawili. Atadhani karani alikosea kuhesabu.